Chura Asiyezama

Sydney Ooko alimleta chura wake juu ya kisahani, kama mtu anayewaandalia wageni andazi.

"Huyu hapa, Madam," alisema. "Ndiye aliyeniletea yule mbuta, yule sangara mkubwa. Mtazameni vizuri, lakini msije mkachomwa. Ana ndoano mbili."

Inspekta Sheryl Achola hakumgusa kwanza. Aliinamisha kichwa akamtazama. Alikuwa chura wa mpira, kijani mgongoni, manjano tumboni, macho mekundu ya kuchorwa, na miguu ya nyuzinyuzi iliyoning'inia kama pindo za kitambaa cha kochi. Ndoano zake mbili zilikuwa zimepinda kuelekea juu, zikalala mgongoni na kuukumbatia ule mpira. Rangi ilikuwa ingali inang'aa. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Walikuwa sebuleni kwa Ooko, mtaa wa Kaloleni, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye kuta nene. Chai ya maziwa ilikuwa imemiminwa. Kando ya Achola aliketi Koplo Simiyu, aliyehamishwa kutoka Webuye majuzi tu, ambaye bado alikuwa akiuliza mezani kama omena, dagaa wa ziwani, huondolewa vichwa kabla ya kuliwa.

Jambo lililowaleta lilikuwa zito. Jumamosi iliyopita, Wasabato wa Luanda Kotieno wakiwa kanisani na ufuo umebaki mtupu, mtu aliingia stoo ya kikundi cha wavuvi akachukua injini ya boti ya uokoaji. Kufuli halikuvunjwa. Lilikuwa na funguo mbili tu: mmoja kwa Joram Odongo, nahodha wa boti hiyo, na wa pili kwa Ooko, katibu wa kikundi. Odongo alisema siku hiyo alikuwa amelala na malaria, peke yake, na hakuna jirani aliyemwona. Ooko alikuwa ziwani, na picha ya kuthibitisha aliituma kwa simu za wanakikundi wote kabla kanisa halijatoka. Kwa hiyo aliyelala seli Kisumu alikuwa Odongo, na kesho asubuhi alikuwa afikishwe kortini kama mwizi.

Alfajiri hiyo Achola alikuwa amempita Awuor, mke wa Odongo, pale mlangoni pa kituo, ameshika jagi la uji lililofunikwa kwa sahani.

"Madam," Awuor alimwambia, "huyo mzee huifuta ile injini kila jioni. Mimi mkewe hajawahi kunifuta hata jasho. Ataiibaje?"

Achola alichukua kikombe cha chai.

"Ulivua wapi hasa, Bwana Ooko?"

"Katikati kabisa. Pale feri ya Mbita inapopita. Pale ni shimo, Madam. Ukitupa jiwe, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi kabla halijagusa chini."

"Kulikuwa na gugu maji?"

"Wapi! Maji meupe, hata jani moja huoni. Gugu lote upepo ulikuwa umelisukuma huku Kisumu."

"Na huyu chura alikuwa juu ama chini?"

"Chini kabisa. Mbuta mkubwa hakai juu, ati. Nilimzamisha chura wangu, nikapiga kasia polepole, polepole, halafu nikasikia tu, twaa! Karibu anitoe bega."

"Ulifunga kitu kingine kwenye mshipi? Risasi ya kumzamisha, au jiwe?"

Ooko alicheka. "Hakuna. Vile unavyomwona ndivyo alivyokuwa. Chura, mshipi, na mkono wa mwanamume."

"Andika hivyo, Koplo," Achola alisema, na Simiyu akaandika. "Wewe una nyavu, Bwana Ooko, na vijana wa kuzivuta. Kuvua kwa fimbo na ndoano ulianza lini?"

"Shemeji yangu wa Naivasha aliniachia Krismasi. Nikasema wacha nijaribu. Hii ya fimbo haitaki watu wengi. Unakwenda peke yako, unatulia na Mungu wako."

"Peke yako."

"Peke yangu kabisa."

Achola aliitazama tena ile picha kwenye simu ya Simiyu. Ooko alikuwa amejipiga mwenyewe, simu ikiwa imeegemezwa mbele: amesimama ndani ya mtumbwi, ziwa nyuma yake, amemkumbatia mbuta mkubwa kama gunia la mahindi. Chura wa mpira alining'inia kwenye mdomo wa samaki.

"Naweza kumwazima chura wako?"

"Mchukue! Hata mkipata wa kwenu, mle mnishukuru."

"Na jioni uje Luanda Kotieno na fimbo yako. Utie sahihi maelezo haya, kisha utuonyeshe jinsi ulivyomvua, tumalize kazi."

"Nitakuja mapema," Ooko alisema, akinyoosha kola ya shati lake. "Na watu wawepo?"

"Watu watakuwepo."

Walipotoka nje Simiyu alimwangalia mkubwa wake. "Madam, unatabasamu."

"Niliwahi kufanya kazi Naivasha, Simiyu. Siku ya mapumziko nilikuwa navua yule samaki wao anayeitwa bass. Bass hujificha chini ya majani, palipo na mayungiyungi na matete, akingoja chakula kipite juu ya kichwa chake. Basi unamtupia chura kama huyu, unamburuta juu ya majani, kidogo anaruka, kidogo anatulia. Ndoano zimelala mgongoni ili zisishike magugu. Bass anamrukia kutoka chini, anammeza. Chura huyu kazi yake ni hiyo. Ukimpeleka pale feri inapopita, ni kama mtu kuvaa gambuti kwenda kulala."

"Na kwa nini Ooko achague fimbo, kama hajui fimbo?"

"Sasa umeuliza la maana. Wavu unavutwa na wangapi?"

Simiyu alifikiri. "Wengi."

"Na kila mmoja wao ana mdomo. Angesema alikwenda na wavu, ningewauliza vijana wake. Fimbo ndiyo pekee inayomruhusu mvuvi wa huku kuwa ziwani bila shahidi."

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe, Wamucii, alikuja kutoka Nyeri akiuza viazi, akabaki akiuza ndoano. Kijaluo chake kilikuwa na lafudhi ya mlimani, wateja wakicheka, lakini wakirudi.

"Nataka chambo cha mbuta mkubwa," Achola alimwambia, "wa maji ya kina."

"Unatupa ukiwa juu ya mawe, ama unavuta nyuma ya boti?"

"Navuta."

"Basi hivi vidogo vinavyometameta viache, ni vya kumchezea sangara mtoto." Wamucii aliteremsha sanduku. "Angalia mwili kwanza. Uwe mrefu kama kiganja chako, uwe mnene, maana mbuta mkubwa hajisumbui kwa kitu kidogo. Sasa angalia huu ulimi wa plastiki chini ya kidevu. Ukiwa mfupi, chambo kinakwenda juujuu. Ukiwa mrefu kama huu, boti ikivuta, maji yanausukuma, chambo kinapiga mbizi chenyewe."

"Rangi?"

"Maji yakiwa na tope, nyekundu na manjano. Yakiwa meupe, fedha na buluu, kama samaki wadogo anaowala. Watu huchagua rangi inayowapendeza wao. Mimi huwauliza, ni wewe utakayekula?"

Achola alichagua kimoja cha fedha chenye mgongo wa buluu na ulimi mrefu. Alizivuta ndoano zake kwa koleo kuona kama zinanyooka. Hazikunyooka. Akachagua na kipande cha mshipi mnene wa kufunga mbele ya chambo, kwa sababu mdomo wa mbuta hauna meno ya kutisha bali una msasa, na msasa hula mshipi mwembamba mpaka ukakatika.

"Msasa," alisema, akamtoa chura mfukoni na kumweka juu ya kaunta. "Huyu je? Mbuta mkubwa amepigana naye mpaka akachoka."

Wamucii alimgeuza. "Huyu? Huyu ni bikira." Akamtumbukiza ndani ya beseni la maji ya kunawia. Chura alielea. Akamsukuma chini kwa kidole. Chura akapanda juu tena, macho yake mekundu yakitazama dari. "Ndani ni mtupu, hewa tupu. Hapa siuzi hawa. Nitamuuzia nani?"

Simiyu alikuna shingo. "Lakini Madam, wakili wake atasema alifunga risasi akasahau kutuambia. Ama aseme ni bahati."

Alisema kweli. Mkuu wa kituo naye, alipopigiwa simu, hakuzunguka: "Achola, chura si injini. Niletee injini, ama kesho Odongo anapanda kizimbani."

Achola aliiweka simu kando ya beseni, picha ikiwa wazi. Aliutazama mdomo wa yule mbuta. Aliutazama tena. Wamucii naye aliinama akautazama mdomo. Mdomo ulikuwa mdomo, haukuwa na la kusema.

"Mimi nina swali la mtu wa Webuye," Simiyu alisema. "Msinicheke."

"Sema."

"Mbuta wote wana pengo kwenye mkia?"

"Pengo gani?"

"Hili hapa juu. Kama mtu amekata kipande cha chapati."

Achola alipanua picha kwa vidole viwili. Mkia wa mbuta ni wa mviringo kama kipepeo cha jikoni, na ule ulikuwa umekatwa kipande cha pembe tatu upande wa juu, safi, kwa kisu kikali. Wamucii alijipiga paja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi nimeitazama hii picha tangu uiweke hapa, nikaona mkia tu."

Kwa sababu ndivyo mkia unavyoonekana machoni pa mtu wa ziwa. Kila samaki anayepita kwenye mizani hukatwa kipande cha mkia na ajenti aliyemnunua, ili wasichanganyike ndani ya lori la barafu. Mtu anayezaliwa ufuoni huona mikia iliyokatwa tangu anapotambaa. Ooko alikuwa ameiona maelfu, na alipojipiga picha akimkumbatia samaki wake, hakuona kitu cha kuficha.

"Samaki wa ndoano yake," Achola alisema polepole, "alipita kwenye mizani ya nani kabla ya kupanda mtumbwini?"

"Pengo la juu ni la ajenti Waliaula," Wamucii alisema. "Maryanne, ajenti mwenzake, hukata chini. Na lori la Waliaula liko kule kwa barafu sasa hivi, nenda umkute."

Waliaula alikuwa amevaa koti zito juani, akipakia barafu kwa koleo. Aliitazama picha mara moja tu.

"Kisu changu hicho. Huyo samaki nilimuuzia Sydney Ooko."

"Lini?"

"Jumamosi, asubuhi. Nilikuwa natoka Luanda Kotieno na mzigo, nikasimama Kombewa kutia hewa gurudumu. Akanijia mbio. 'Waliaula ndugu yangu, nipe mmoja mkubwa, wakwe wamenivamia.' Nikampa. Nani atamwaibisha mtu mbele ya wakwe?"

"Alikuwa na mtumbwi?"

Waliaula alicheka mpaka koleo likamponyoka. "Mtumbwi Kombewa, Madam? Alikuwa na pikapu. Nyuma kulikuwa na kitu kizito chini ya turubai, kinanuka petroli. Nikamwambia, omera, usimweke samaki hapo, wakwe watakula taa ya koroboi. Basi akamweka mbele kwenye kiti, akamfunga mshipi wa gari kama bibi harusi."

"Akaelekea wapi?"

"Aliingia kwanza kile kinu cha kusagia kilichofungwa, nyuma ya soko. Baadaye nikamwona akiteremka njia ya ziwani, bibi harusi bado yuko mbele."

Simiyu alikuwa ameshawasha gari.

Huko Kombewa, mwenye kinu aliwafungulia mbele ya chifu. Alisema alimpangisha Ooko chumba cha nyuma, naye hakuuliza cha nini. Ndani kulikuwa na magunia ya makapi ya mahindi yaliyopangwa hadi kwenye madirisha, na vumbi jeupe juu ya kila kitu isipokuwa gunia la chini pembeni. Simiyu alilivuta. Akavuta la pili. Halafu akasimama, akaita kwa sauti ndogo, kana kwamba angeiamsha, "Madam."

Injini ilikuwa imelala chali kama ng'ombe aliyeshiba. Kamba yake ya kuwashia ilikuwa na mkono uliochongwa kwa kipande cha patipati ya buluu, kandambili iliyochakaa, kazi ya Odongo, kama alivyoieleza mwenyewe katika maelezo yake tangu siku ya kwanza. Achola aliushika ule mkono wa mpira. Kisha alipiga simu kituoni.

"Bwana mkuu, uliniambia chura si injini."

"Ndiyo."

"Basi mlete Odongo Luanda Kotieno. Na mkewe. Uji ubebwe."

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofika. Ufuo ulikuwa umejaa. Ooko alikuwa ametangulia kama alivyoahidi, shati jeupe, fimbo begani. Achola alimpa maelezo yake ayasome, akayasoma, akatia sahihi kwa mbwembwe. Kisha alipewa chura wake, akapanda juu ya boti iliyofungwa kwenye gati, mahali penye kina, akamrusha mbali kwa mlio mzuri.

Chura alitua, akaelea.

Ooko alivuta kidogo. Chura aliruka, akatulia, akaelea. Alivuta kwa nguvu. Chura aliteleza juu ya maji akitikisa miguu.

"Anaogelea!" aliita mama mmoja muuza samaki. "Mwambie azame, jaduong', mzee wetu!"

"Labda amechoka, ametoka Naivasha!" mwingine akajibu, na kicheko kikapita ufuo mzima.

Ooko alijifuta uso. "Siku ile nilifunga risasi, Madam. Sasa nimekumbuka."

"Maelezo uliyotia sahihi sasa hivi yanasema hukufunga kitu."

"Nilisahau. Binadamu si husahau?"

"Husahau. Na mkia nao ulisahau?"

Alimpa simu. Ooko aliitazama picha, akaitazama tena, akapandisha mabega. "Una nini? Ni mkia."

Yule mama muuza samaki alikuwa ameshapanda gati, shingo yake ikipita juu ya bega la Ooko. "Yawa! Hiyo si ni alama ya Waliaula? Sydney, samaki wako alipimwa kwanza ndipo akaja kukuuma?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Walikuwa wakimtazama katibu wao.

"Mtu humfunga samaki mshipi wa gari kwa sababu gani, Bwana Ooko?" Achola aliuliza. "Ni kwa sababu nyuma ya pikapu kulikuwa kumejaa."

Alimpa Simiyu ishara. Simiyu alivuta turubai nyuma ya gari la polisi.

Joram Odongo alikuwa amesimama karibu na gari hilo, mwembamba kwa malaria na kwa seli, Awuor amemshika kiwiko. Alipouona ule mkono wa patipati ya buluu alisogea, akapangusa makapi ya mahindi kwa ncha ya shati lake, pole kwa pole, kama anayemfuta mtoto pua.

"Mnaona?" Awuor aliwaambia watu wote, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka. "Mnaona huyu mtu? Mimi nimesimama hapa na uji!"

Vigelegele vilipasuka. Ooko aliketi chini juu ya mbao za boti. "Kulikuwa na mnunuzi ng'ambo," alisema, "alikuwa aje wiki ijayo," na Simiyu akayaandika hayo pia kabla hajamfunga pingu.

Injini ilibebwa na watu wengi kuliko iliowahitaji. Odongo aliifunga nyuma ya boti ya uokoaji, akakaza kila parafujo, akatia mafuta, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikanguruma, na ufuo mzima ukanguruma nayo.

"Madam," Odongo alisema, "inabidi ijaribiwe. Panda."

Achola alipanda na Simiyu. Alichukua ile fimbo ya Ooko, akamfungua chura, akamtia ndani ya mfuko wa vielelezo. Mahali pake alifunga ule mshipi mnene, na mbele yake kile chambo cha fedha chenye ulimi mrefu. Boti ilipofika maji ya kina Odongo alipunguza mwendo. Chambo kiliingia ndani ya maji, kikapiga mbizi chenyewe, na ncha ya fimbo ikaanza kutetemeka kwa kazi yake.

"Sasa mimi nifanye nini?" Simiyu aliuliza.

"Kaa."

Alikaa. Walipita mbele ya feri iliyokuwa ikirudi kutoka Mbita, abiria wakapunga mikono. Ndipo fimbo ikapinda mpaka ikabusu maji, rili ya kukunjia mshipi ikapiga kelele, na Achola akatia miguu yote miwili ubavuni mwa boti akicheka kwa sauti ambayo Simiyu hakuwahi kuisikia kituoni. Odongo aliizungusha boti bila kuambiwa, akimfuata samaki, akimpa mshipi, akimnyima, injini ikiitika kila alichoiomba.

Walipompandisha, mbuta alijaza sakafu ya boti. Chambo cha fedha kilikuwa kimenasa pembeni mwa mdomo, na mgongo wake wa buluu ulikuwa umesagwa na msasa mpaka plastiki tupu ikaonekana.

Simiyu alikwenda moja kwa moja upande wa pili. Aliunyanyua mkia kwa mikono miwili, akautandaza dhidi ya jua, akaukagua ukingo wote kama mtu anayekagua noti.

"Mzima, Madam," alisema. "Hauna pengo."

Odongo aligeuza boti kuelekea kwenye vigelegele.